Waliojiamulia Ruvuma

Ukitoka Njombe kuelekea Songea, baridi inakusindikiza mpaka barabara ianze kuteremka, kisha inakuacha. Viazi na chai vinabaki nyuma, misitu ya misindano inasogea kando ya lami, na ukifika Madaba koti limeshaingia mkobani. Stendi ya Madaba ni ndogo. Akina mama wanainua ndizi na mahindi ya kuchoma hadi kwenye madirisha ya mabasi, vijana wa bodaboda wanagombea abiria, na kila mwenye gunia la tangawizi anamuuliza bei ya Dar es Salaam yeyote anayeshuka. Mimi niliulizwa kabla sijakabidhiwa begi langu.

Nilikuwa nakwenda Matetereka. Kijiji hicho hakimo kwenye ratiba za watalii, na wengi wa vijana niliozungumza nao Songea baadaye hawakuijua historia yake. Lakini mtu akiniuliza ni wapi katika nchi hii wakulima wa kawaida waliwahi kuushika uchumi wao wenyewe, na kwa kufanya hivyo wakaigusa siasa pale inapouma, sitamtajia Dar es Salaam wala Dodoma. Nitamtajia vijiji vya Ruvuma vya miaka ya sitini, Litowa na Matetereka na wenzao, vilivyoungana katika umoja wa maendeleo ambao wazee wanauita RDA hadi leo.

Habari inaanza mwaka 1960, Uhuru haujapatikana. Vijana wa TANU Youth League, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, walikwenda porini Litowa kufungua shamba la pamoja. Jaribio la kwanza lilishindikana kwa sababu ya njaa. Mwaka uliofuata walirudi tena, safari hii wakiwa wamejipanga kwa chakula, na shamba likasimama. Baadaye akajiunga nao Mwingereza, Ralph Ibbott, pamoja na mkewe Noreen na watoto wao. Ibbott alikuwa ametoka Rhodesia, kwenye shamba la misheni la St Faith's, ambako Weusi na Weupe walijaribu kulima na kuishi pamoja katika nchi iliyokataza karibu kila kitu cha namna hiyo. Akawa mshauri, na kwa maelezo ya waliomjua alijitahidi kubaki mshauri tu. Mwaka 1963 vijiji vikaunda umoja rasmi, na kabla muongo haujaisha vilikuwa vimefika kumi na kadhaa.

Bodaboda iliniteremsha Matetereka jua likiwa la saa nane. Mzee aliyekubali kunipokea alikuwa ameketi barazani akipukuchua mahindi ya mbegu. Kila gunzi alilitenga kwanza ncha na kitako, punje ndogo zikaenda kwenye ungo wa kuku, na punje za katikati tu ndizo zilizoingia kwenye debe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Chukua kigoda, na gunzi moja hapo, tuzungumze mikono ikifanya kazi."

Nikachukua. Alikuwa kijana mdogo wakati umoja ulipokuwa hai, na alichokumbuka kwanza kabisa kilikuwa mikutano. Mavuno na mashine vilikuja baadaye. Kila jambo lililetwa mkutanoni, aliniambia: nani aende shambani na nani abaki kujenga, pesa ya mahindi inunue bati au ilipe deni, mgonjwa asiyeweza kulima apewe nini. Mwenyekiti walimchagua wao, na akiwachosha waliweza kumweka kando. "Sisi tulikuwa hatumwogopi mwenyekiti," alisema, akalishika gunzi bila kulipukuchua kwa muda. "Hilo ndilo lililokuwa geni. Baba zetu walimwogopa jumbe, na jumbe alimwogopa Mzungu. Sisi tulikuwa tunamuuliza mwenyekiti pesa iko wapi, naye anajibu."

Nimesoma maandishi mengi kuhusu vyama vya ushirika, na mengi yanaanza na bei, mtaji na soko. Mzee yule alianza na woga, na nadhani yeye ndiye aliyekishika kiini. Mtu anayelima shamba ambalo ni lake na la wenzake, anayepanga kazi ya kesho na kugawana mapato kwa kauli yake mwenyewe, anafanya siasa kila siku bila kusubiri uchaguzi. Anajifunza kusikiliza, kubishana bila kupigana, kusoma hesabu na kumwondoa kiongozi. Akishajifunza hayo shambani, hatayasahau akifika ofisi ya kata.

Wanawake pia walizungumza mkutanoni. Mke wa mzee, aliyekuwa akipita na maji, alisimama kuliongezea hilo bila kuombwa. Mama yake alikuwa mwanachama kwa jina lake mwenyewe, siyo kwa jina la mumewe, na mume aliyempiga mke aliitwa mbele ya watu kujieleza. Alilisema hilo kwa fahari ambayo haijapungua hata kidogo.

Watu wa Ruvuma hawakuanzia sifuri. Mkoa huu ulikuwa na chama kikuu cha wakulima wa tumbaku tangu mwaka 1936, kile cha Wangoni na Wamatengo kilichojulikana kama NGOMAT. Kilimanjaro wakulima wa kahawa walikuwa wametangulia: chama chao cha kwanza mwaka 1925, kisha KNCU mwaka 1933. Usukumani, katika miaka ya hamsini, wakulima wa pamba waliochoshwa na mizani za udanganyifu walijenga vyama vilivyoungana chini ya Paul Bomani, na kutoka huko Bomani akaingia moja kwa moja katika safu za mbele za harakati za Uhuru na baadaye serikalini. Kwa hiyo ushirika kuwa njia ya siasa halikuwa wazo la kigeni kwetu. Lakini vyama vile vilikuwa vya kuuza. Mkulima alilima peke yake, akakutana na wenzake ghalani. Litowa walikwenda mbele zaidi: waliunganisha kazi yenyewe, pamoja na zana, watoto na chakula. Hapo ndipo moto ulipowaka.

Nililala Songea na asubuhi nikaenda kwanza Peramiho, kwa Wabenediktini, ambao wapo hapo tangu mwaka 1898. Karakana zao bado zinafundisha vijana useremala, ufundi magari na uchapaji. Nilisimama kwenye mlango wa karakana moja, vumbi la mbao likipepea, kijana akipima mraba wa dirisha mara mbili kabla ya kukata, na nikamkumbuka padri mwingine wa mbali kabisa.

José María Arizmendiarrieta alifika mji wa Mondragón, katika nchi ya Wabaski kaskazini mwa Hispania, mwaka 1941, vita vya wenyewe kwa wenyewe vimekwisha na dikteta Franco ameshika nchi. Mwaka 1943 alifungua shule ya ufundi. Mwaka 1956 vijana watano waliopitia mikononi mwake walianzisha kiwanda kidogo cha majiko, Ulgor, kikimilikiwa na wanaofanya kazi humo, kila mmoja kura moja, awe mhandisi au mfagiaji. Mwaka 1959 wakawa na benki yao. Leo ni mtandao wa viwanda, maduka na chuo kikuu wenye wafanyakazi makumi ya maelfu. Umewahi kujeruhiwa vibaya: mwaka 2013 kampuni yao kongwe ya vifaa vya nyumbani, Fagor, ilifilisika. Lakini vyama vingine viliwapokea wengi wa waliopoteza kazi. Watu wa Mondragón waliweza kuanguka na kuinuka kwa sababu benki, shule na mashine vilikuwa vyao, na hata utawala wa Franco uliwaacha wafanye kazi.

Litowa hawakupata bahati hiyo, na waliowanyima hawakuwa mabeberu.

Barabara ya Litowa ni ya vumbi jekundu, na pande zote ni mahindi. Nyumba nyingi ni za tofali za kuchoma na bati. Hakuna kibao wala mnara wa kumwambia mgeni kwamba hapa ndipo mahali. Nilielekezwa kwa bibi mmoja aliyesoma shule ya kijiji enzi za umoja, na alinikaribisha kwa uji wa ulezi uliotiwa ndimu.

Shule ile ilikuwa moyo wa kijiji. Mwalimu mkuu, Suleiman Toroka, na wenzake waliamini kwamba mtoto hasomi ili akimbie kijiji. Bibi alikumbuka kwamba wanafunzi walikuwa na shamba lao na baraza lao la kupanga kazi na kuamua makosa, na walifundishwa hesabu kwa mazao waliyoyapima wenyewe. Watoto wadogo walikuwa na nyumba yao, ambako akina mama walipokezana zamu za kuwatunza na kuwapikia uji wa lishe wenzao walipokuwa shambani. "Hata uji huu," alisema akisukuma bakuli karibu yangu, "mama alijifunzia pale." Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, na Septemba mwaka huohuo akatoa Ujamaa Vijijini. Ukisoma maandiko hayo baada ya kumsikiliza bibi yule, utaona kwamba mengi aliyoyapendekeza Mwalimu yalikuwa yakifanyika hapa tayari.

Mwalimu aliwapenda. Aliandika wazi kwamba watu wataingia vijiji vya ujamaa kwa hiari yao, wala hawatasukumwa. Lakini kati ya maandiko ya Rais na kijiji kulikuwa na viongozi wa mkoa na chama, nao waliona jambo jingine. Waliona wakulima wanaoweza kuambiwa walime tumbaku, kila mtu na shamba lake, wakajibu kwamba mkutano wao umepanga vingine. Waliona vijiji vyenye kinu cha kusaga, kiwanda cha kupasua mbao na magari, na visivyosubiri kibali. Waliona Mzungu katikati yao, ikawa rahisi kusema kwamba yeye ndiye anayewaongoza. Mtawala aliyezoea kutoa amri hukasirishwa na watu wanaouliza, hata kama wanachouliza ni jinsi ya kuutimiza ujamaa uleule anaouhubiri.

Tarehe 24 Septemba 1969, Kamati Kuu ya TANU iliamua kwamba umoja uvunjwe. Mali zake zilichukuliwa. Walimu walitawanywa. Familia ya Ibbott iliondoka nchini. Kwa bibi, tukio zima ni la siku moja iliyokuja na magari: watu wageni waliandika vitu kwenye karatasi, wakavipakia, na watoto waliambiwa wakae kimya darasani. "Kinu chetu, mwanangu," alisema. "Tulikinunua kwa jasho. Hawakutuuliza hata neno moja."

Nilimsikiliza nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko yote ya siasa ya ujamaa, na yote mabaya yaliyofuata yalipitia mlango uliofunguliwa siku ile. Nchi ilikuwa na mfano hai wa wafanyakazi wenye mali wanaojitawala, ikauvunja. Kisha ikataka vijiji vya ujamaa kila mahali. Novemba 1973 ilitolewa amri kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji. Operesheni ikapita na malori, nyumba zikabomolewa, watu wakashushwa kwenye viwanja vilivyopimwa na wengine. Mei 1976 hata vyama vikuu vya ushirika vikafutwa, mamlaka za mazao zikachukua nafasi yake, mpaka sheria ya mwaka 1982 iliporuhusu vyama virudi. Miaka hiyo yote serikali iliwatafuta wanavijiji wenye ari, wakati wenye ari iliwatawanya yenyewe.

Viwandani jambo hilihili lilijirudia. Mwongozo wa TANU wa Februari 1971 ulikemea ubabe wa viongozi, na wafanyakazi waliuchukua kwa uzito kuliko waandishi wake walivyotarajia. Mwaka 1973, kwenye kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walimfungia nje mwajiri wakaendesha mitambo wenyewe. Wengine waliojaribu kuifuata njia hiyo walikutana na polisi. Mwenye nchi alikuwa tayari kuwapa wafanyakazi bodi, kamati na hotuba. Funguo hakuwa tayari kuwapa.

Matetereka ndiyo iliyonishangaza, na ndiyo sababu niliirudia kabla ya kuondoka Ruvuma. Umoja ulipovunjwa, watu wa hapa waliendelea kulima pamoja. Hawakuwa na kinu cha umoja wala ofisi ya kuwatetea, lakini walikuwa na mkutano wao, na mkutano haupakiwi kwenye lori. Waliendelea miaka mingi sana, kiasi kwamba mtafiti aliyewaandika mwaka 1998 aliwaita kijiji cha mwisho cha ujamaa Tanzania. Nilimuuliza mzee wangu wa mahindi ya mbegu waliwezaje. Aliniambia kwamba waliowahi kugawana chakula wakati wa njaa hawasumbuki sana wakigawana kazi. Kisha akaongeza kwamba wapo waliochoka wakaondoka, na hakuwalaumu: mashamba ya pamoja yana wavivu wake na magomvi yake, na vijana walitaka pikipiki zao na pesa zao. Alitaka niandike na hilo. Nimeandika.

Siku hiyohiyo nilialikwa kwenye mkutano wa chama cha msingi katika kijiji kimoja cha wilaya hizi, ambacho sitakitaja. Leo wakulima wa Ruvuma wanauza ufuta, soya na mbaazi kwa stakabadhi ghalani: unapeleka mzigo kwa chama, unapimwa, unapelekwa ghala kuu, unanadiwa mnadani, malipo yanaingia benki. Ni hatua kubwa kwa mtu aliyezoea kumuuzia mchuuzi mlangoni, au yule wa Mbinga aliyewahi kuuza kahawa ikiwa bado maua, biashara wanayoiita magoma, kwa sababu mtoto amefukuzwa shule. Lakini chama hakina shamba, hakina kinu, na wengi wa wanachama wanakiona kama ofisi ya serikali iliyohamia karibu. Hapo ndipo nilipokuwa na mashaka yangu makubwa. Ushirika usiokuwa na kazi ya pamoja, wala nguvu ya kusema hapana, hauwezi kubadili siasa ya mahali popote.

Tulikaa chini ya bati la ghala, mizani ya jukwaa ikiwa katikati yetu, magunia matupu yamekunjwa pembeni. Karani alisoma mapato ya mnada uliopita kwa haraka. Mama mmoja aliyevaa kanga begani alinyoosha mkono.

"Mheshimiwa karani, rudia hapo kwenye makato. Polepole."

Akarudia: ushuru wa halmashauri, ushuru wa chama cha msingi, wa chama kikuu, gharama za ghala, usafiri, magunia. Mama akaomba daftari lenyewe. Kukawa na mnong'ono. Mwenyekiti akasema hesabu zimeshakaguliwa na wataalamu. Mama hakukaa.

"Ndugu mwenyekiti, mimi sijawakataa wataalamu. Nauliza gunia langu. Mizani hii ilisema kilo tisini na nane. Karatasi ya benki inasema tisini na nne. Hizo nne zimekwenda wapi?"

Wanaume wawili waliokuwa wakitazama simu zao waliziweka chini. Mwingine akasema na yeye zake zilipungua. Kisha mwingine. Ndani ya robo saa ajenda ilikuwa imegeuka, na wanachama walikuwa wakifanya mbele ya macho yangu kile alichonieleza mzee wa Matetereka: kumuuliza kiongozi, na kiongozi kulazimika kujibu. Hakuna aliyetukana. Kijana mmoja aliandika namba za stakabadhi za kila aliyelalamika. Mwenyekiti, ambaye mwanzoni alikasirika, alianza kuuliza maswali na yeye, kwa sababu gunia lake pia lilipitia mizani ileile.

Mkutano uliamua mambo matatu. Mizani ipimwe na watu wa vipimo kabla ya msimu, na wanachama wawili wasio viongozi wawepo siku hiyo. Makato yote ya kila mnada yabandikwe ukutani mwa ghala kwa mwandiko mkubwa. Na fedha za ushuru wa chama kwa mwaka huu zisinunue pikipiki ya ofisi kama ilivyopendekezwa, bali zianze kuwekwa kwa ajili ya mashine ya kukamua ufuta, itakayokuwa mali ya wanachama na kuendeshwa na vijana wao. Pendekezo la mashine lilitoka kwa mama yuleyule. Likapigiwa kura ya mikono, likapita kwa wingi mkubwa, na karani akaliandika kwenye muhtasari huku mama amesimama nyuma ya bega lake akisoma kila neno.